Kabla hamjatoa fedha, waulizeni waliotoka kwao wako wapi

Swali: "Daktari, shikamoo. Mimi ni katibu wa kamati ya ustawi wa mtaa wetu, huku Mbagala. Mwaka jana tulizika vijana watatu kwa sababu ya unga. Mmoja wao alikuwa na siku tisa tu tangu atoke soba hausi, nyumba ya kuwasaidia watumiaji waache. Sasa watu wamechanga, msikitini, kanisani na sokoni, tuna shilingi milioni sita, na tumeletewa maombi matatu. La kwanza ni la soba hausi inayosema asilimia 90 ya waliopita kwao wamepona, na wanataka fedha yote. La pili ni la vijana walioacha unga, wanataka kwenda maskani kufundisha namna ya kumwokoa aliyezidiwa. La tatu ni la kina mama ambao watoto wao wanakunywa methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa unga, hospitali ya Temeke. Wako kumi, wanaomba nauli, shilingi 1,400 kwa siku kwa kila kijana. Wazee wengi wanaitaka soba. Wanasema methadoni ni kumtoa mtu kwenye unga huu na kumtia kwenye unga mwingine, na kuwafundisha mateja kuokoana ni kuwaambia waendelee. Sisi si wataalamu. Tutajuaje mpango upi unafanya kazi kweli? Halafu kuna kijana wa jirani yangu anatoka soba Jumamosi ijayo, baada ya miezi minne. Mama yake ananiuliza afanye nini, nami sina la kumjibu."

Marahaba, ndugu katibu, na poleni sana kwa misiba hiyo mitatu. Swali lako nimelisoma mara mbili, na mara zote mbili nimekwama kwenye zile siku tisa. Niruhusu nianzie hapo, maana ukizielewa siku tisa za yule marehemu, maombi yote matatu utaweza kuyapima wewe mwenyewe bila mtaalamu.

Unga, yaani heroini, unafanya kazi kwenye sehemu ya chini ya ubongo inayousimamia mwili upumue hata mtu akiwa usingizini. Unaituliza sehemu hiyo. Anayetumia kila siku, mwili wake unajipanga upya taratibu ili uendelee kupumua pamoja na unga uliomo ndani. Ndiyo maana teja wa miaka mitano anaweza kutumia kete kadhaa kwa siku akawa anaongea na kutembea, wakati kiasi hicho hicho kingemuua asiyewahi kuugusa. Akiacha, mazoea hayo ya mwili yanaondoka haraka, ndani ya siku na wiki chache. Hamu yenyewe haiondoki kwa kasi hiyo. Inaweza kukaa miezi, hata miaka, ikimsubiri kwenye kona aliyozoea kukaa na kwa rafiki aliyezoea kushirikiana naye. Siku akiteleza, mkono unapima kwa kipimo cha zamani, na mwili unaopokea ni mpya. Anasinzia, pumzi zinapungua, zinasimama. Watu husema alitumia nyingi kwa uroho, au alitaka kujiua. Mara nyingi alitumia kile kile alichokuwa akitumia kabla ya kuingia soba.

Hili limepimwa. Katika jimbo la Washington, Marekani, watafiti walifuatilia wafungwa zaidi ya 30,000 waliotoka gerezani kati ya 1999 na 2003. Katika wiki mbili za kwanza uraiani, uwezekano wao wa kufa kwa kuzidiwa na dawa za kulevya ulikuwa mara 129 ya ule wa wakazi wengine wa jimbo hilo. London nako waliwafuatilia wagonjwa 137 walioingia hospitali kuondolewa heroini mwilini. Ndani ya miezi minne watatu walikuwa wamekufa kwa kuzidiwa, na wote watatu walitoka katika kundi la waliomaliza tiba vizuri. Waliokatisha tiba njiani, miili yao bado ilikuwa na mazoea.

Kwa hiyo kumsafisha mtu na kumfungulia geti ni kumtoa nje siku ambayo mwili wake uko hatarini kuliko siku nyingine zote. Ndiyo maana kwa mpango wowote unaoletwa mbele yenu, mimi ningeanza na swali moja: waliotoka kwenu wako wapi leo?

Sasa tuiangalie ile asilimia 90. Sisemi wamedanganya. Nasema muulize ni asilimia 90 ya nani, na imehesabiwa lini. Chukua mfano wa kubuni. Nyumba imepokea vijana 40 kwa mwaka. Ishirini wameondoka wiki za mwanzo, wengine kwa arosto, yaani mateso ya mwili ya kuacha unga, wengine kwa kukosa ada. Ishirini wamefika mwisho, na siku ya kuagwa 18 kati yao hawatumii. Mwenye nyumba anasema 18 kati ya 20 ni asilimia 90, na hesabu yake ni sahihi. Lakini 18 kati ya 40 ni asilimia 45. Tena hiyo ni hali ya siku ya kuagwa, mtu akiwa bado ndani ya uzio ambamo unga haupatikani. Miezi sita baadaye, akiwa Mbagala, hesabu inaweza kuwa nyingine kabisa.

Niliwahi kuombwa kuitazama nyumba moja ya namna hiyo, nami sitaitaja. Rejista yao ilikuwa daftari la kaunta lililotunzwa vizuri, majina kwa wino wa buluu, na waliotoroka wamepigwa mstari kwa wino mwekundu. Msimamizi, mtu mwema aliyewahi kuutumia unga mwenyewe, alikuwa akihesabu majina ya buluu tu. Nikamwomba tupige simu za wale wa mstari mwekundu. Ya tatu ilipokelewa na mama. Tulipomtaja mwanawe alinyamaza kidogo, kisha akatuuliza kama hatukupata habari ya msiba. Alikuwa amekufa wiki moja baada ya kutoka pale. Msimamizi alikaa muda mrefu akilitazama lile daftari. Tangu siku hiyo akaongeza safu ya mwisho upande wa kulia: yuko wapi baada ya mwezi, baada ya miezi mitatu, baada ya sita. Kipimo hicho kiko ndani ya uwezo wa kamati yoyote ya mtaa.

Nisieleweke kwamba nazipinga soba. Zipo zilizowapa watu maisha. Nyingi zinaendeshwa na watu waliopita njia hiyo hiyo, na familia iliyoibiwa hadi mabati inapochoka, pale angalau kuna chakula, ratiba na mtu anayejua arosto ni nini. Ila nendeni mkaione kwa macho, tena bila kutoa taarifa. Ulizeni kama mtu anaweza kutoka akitaka. Mkikuta minyororo, fimbo, au watu wamefungiwa, ondokeni na fedha zenu. Ulizeni wanamfanya nini mwenye kifua kikuu au anayemeza ARV, kama anaendelea na dawa zake. Ulizeni kama wanalazimisha mtu kuacha methadoni ndipo wampokee. Hilo ni la hatari, kwa sababu niliyoieleza hapo juu. Ulizeni pia wanafanyaje kwa mlevi wa pombe au mtumiaji wa valiamu, ile dawa ya kutuliza. Arosto ya unga inatesa sana lakini kwa kawaida haiui mtu anayepewa maji na uangalizi. Kuacha ghafla pombe nyingi au valiamu kunaweza kuleta degedege na kifo, na huyo anahitaji hospitali kwanza. Mwisho, watoe kibali. Nyumba za upataji nafuu Tanzania Bara zina miongozo ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, na nyumba inayofuata utaratibu haioni tabu kuonyesha karatasi zake.

Nije kwenye methadoni, ambayo wazee wenu wanaiita unga mwingine. Naelewa wanakotoka, maana ni kweli methadoni nayo ni ya ukoo mmoja na heroini, na mtu akiiacha ghafla anapata arosto. Tofauti iko kwenye mwendo wake. Heroini inapanda upesi na kushuka upesi, ndiyo maana mtumiaji anaamka anaumwa na siku nzima ni kuhangaika: kuiba, kuomba, kutafuta kete, kutulia saa chache, kisha upya. Methadoni inanywewa, inapanda polepole na kukaa mwilini siku nzima. Kwenye kipimo kinachomfaa, mgonjwa hapati stimu wala arosto. Anapata siku iliyo wazi, anayoweza kuitumia kufanya kazi.

Huduma hii ilianza kwetu Muhimbili mwaka 2011, na Temeke ikafuata baadaye. Kama hamjawahi, wazee wawili waende asubuhi wakaone. Mgonjwa anafika dirishani, anatambuliwa, muuguzi anampimia dawa kwenye kikombe kidogo, anakunywa hapo hapo mbele yake, kisha anatamka neno moja mawili ili ijulikane amemeza. Halafu anaondoka. Wapo wanaokwenda moja kwa moja kubeba mizigo sokoni au kuendesha bodaboda.

Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2017, uliokusanya tafiti zenye zaidi ya watu 120,000 waliotibiwa kwa methadoni katika nchi mbalimbali, ulikuta vifo kama 11 kwa kila watu 1,000 kwa mwaka wanapokuwa kwenye tiba, na 36 wanapokuwa nje ya tiba. Sijui dawa nyingi zenye tofauti ya namna hiyo. Lakini lazima niwe mkweli kwenu: wiki nne za mwanzo wa tiba zina hatari yake, na wiki nne baada ya kuikatisha zina hatari zaidi. Anayechanganya na pombe au valiamu anaweza kufa. Haitibu ulevi wa gongo wala bangi. Na ni safari ya miaka, siyo ya miezi. Kinachowaondoa wengi kwenye tiba, kwa niliyoyaona, ni kitu ambacho mzee wa mtaa anakielewa kuliko profesa: kwa wengi wao, kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo, lazima wafike dirishani. Ukikosa nauli siku moja unaweza kutembea. Ya pili, arosto inaanza. Ya tatu, unga uko karibu na nyumbani kuliko hospitali. Wale kina mama wanaoomba 1,400 wanajua vizuri kabisa tundu liko wapi.

Ombi la pili, la kuwafundisha watu kuokoana, ndilo lililowatisha wazee wenu zaidi. Nianze na kinachotokea leo mtu akizidiwa maskani. Anakoroma kwa sauti ya ajabu kama ya maji kooni, midomo na kucha zinaingia weusi, mboni za macho zinakuwa ndogo kama ncha ya sindano, na hata ukimfikicha mfupa wa kifua kwa ngumi haamki. Wenzake wanammwagia maji, wanampiga vibao, wanamnywesha maziwa, wengine wanamchoma sindano ya maji ya chumvi. Hakuna hata kimoja hapo kinachorudisha pumzi. Maziwa yanamwingia mapafuni kwa sababu hawezi kumeza. Kisha wanatawanyika wakiogopa kukamatwa, naye anabaki peke yake. Inaweza kuchukua dakika nyingi, wakati mwingine zaidi ya saa nzima, kabla hajakata roho. Muda huo ndio vijana wenu wanaomba wafundishwe kuutumia: kumpulizia pumzi mdomoni, moja kila baada ya sekunde tano, kumlaza ubavu akianza kupumua, kumkimbiza hospitali, na ikiwepo, kumpa naloksoni.

Naloksoni ni dawa inayoiondoa heroini mahali ilipoketi kwenye ubongo. Mtu anarudi kupumua ndani ya dakika chache, na anarudi akiwa na arosto kali. Hapo ndipo hoja ya wazee inapoanguka. Hakuna teja anayetamani kuamshwa hivyo. Atakulaumu umempotezea fedha yake. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza tangu 2014 kwamba watu walio karibu na watumiaji wapewe naloksoni na mafunzo. Massachusetts, Marekani, miji 19 ililinganishwa: kwenye ile iliyofundisha watu wengi zaidi kwa idadi ya wakazi wake, vifo vilikuwa karibu nusu ya vile vilivyotarajiwa kama hakuna mpango. Watu 2,912 walifundishwa, wakaripoti kuokoa mara 327.

Kwetu naloksoni bado ni dawa ya kuulizia hospitalini. Basi waambieni vijana wawaonyeshe itatoka wapi, na chini ya mhudumu gani wa afya. Wakiahidi tu kwamba "itapatikana", andikeni kwamba haipo, na mpimeni mpango wao kwa pumzi na usafiri peke yake. Hata hivyo una thamani. Msiupime kwa idadi ya waliohudhuria semina wala kwa fulana. Rudini baada ya miezi mitatu, mchukue watu watano wa maskani, mwambieni mmoja ajilaze, na mwingine aonyeshe anafanya nini. Ulizeni matukio mangapi ya kuzidiwa yametokea tangu mafunzo, nani alikuwepo, alifikaje hospitali. Na ulizeni kama vijana wamekaa na mwenyekiti wa mtaa na mkuu wa kituo cha polisi, maana kama anayeita msaada anaishia mahabusu, mafunzo yote yatabaki kwenye daftari.

Jambo moja zaidi kuhusu kupima, kwa sababu najua mwakani mtaulizwa vifo vimepungua vingapi. Mwaka jana mlizika watatu. Mwaka huu akifa mmoja msikimbilie kujisifu, na wakifa wanne msiuue mpango. Kwenye mtaa mmoja, namba ndogo kama hizo zinapanda na kushuka zenyewe. Marekani walijaribu kupima kama mipango ya namna hii inapunguza vifo, kwa jamii 67 katika majimbo ya Kentucky, Massachusetts, New York na Ohio, kwa mamia ya mamilioni ya dola. Matokeo yalitoka 2024: vifo 47.2 kwa kila watu 100,000 kwenye jamii zilizosaidiwa mapema, na 51.7 kwenye zilizosubiri, tofauti ambayo kwa hesabu za kitakwimu inaweza kuwa ya bahati tu. Kulikuwa na korona, na fentanili, dawa ya ukoo wa heroini yenye nguvu zaidi, ilikuwa ikisambaa. Lakini kuna jambo la tatu linalowahusu ninyi moja kwa moja: siku walipoanza kuhesabu vifo, ni asilimia 38 tu ya mipango 615 waliyokubaliana iliyokuwa imeshaanza kutekelezwa. Nyingi zilikuwa bado kwenye makaratasi. Kwa hiyo hesabuni kwanza vitu vinavyotangulia kifo: vijana wangapi wameanza tiba, wangapi bado wamo baada ya miezi mitatu na sita, siku ngapi wamekosa dirisha, mara ngapi mtu amezidiwa na akaokolewa. Na kila kifo kiandikeni, mkiulizia marehemu alitoka wapi wiki zile za mwisho.

Kama ningekuwa mjumbe wenu, ningeanza na nauli. Vijana kumi kwa 1,400 kwa siku 30 ni 420,000 kwa mwezi, na miezi sita ni 2,520,000. Msitoe mkupuo, mama alipwe kila wiki, kwa siku ambazo kijana alionekana dirishani, na kijana mwenyewe akubali habari hiyo itolewe. Milioni moja ningewapa wale vijana wa maskani, nusu sasa na nusu baada ya lile jaribio la miezi mitatu. Zinabaki 2,480,000. Hizo soba wapewe kwa kichwa, kwa kijana wa mtaa wenu aliyetaka mwenyewe kwenda, na sehemu ya mwisho ilipwe miezi mitatu baada ya kutoka, wakiwaonyesha yuko wapi na nani amekuwa akimtembelea. Wakikataa sharti hilo, fedha hizo ziongezeni kwenye nauli. Wengine wa taaluma yangu wangegawa kwa namna nyingine, nami sitabishana nao sana, mradi nauli isikosekane.

Niliyoyasema ni ya kamati. Mgonjwa mmoja mmoja hatibiwi kwa barua. Mjamzito anayetumia unga asiachishwe ghafla nyumbani, apelekwe kliniki. Anayekutwa hapumui vizuri apelekwe hospitali hata kama ameamka kwa naloksoni, kwa sababu dawa hiyo inaweza kuisha nguvu ndani ya nusu saa hadi saa moja na nusu, na unga ukamrudia. Mtoto aliyeonja methadoni ya mkubwa apelekwe usiku huo huo, hata akionekana mzima.

Na sasa kijana wa jirani yako. Mwambie mama asisubiri Jumamosi ipite. Siku ya kwanza ya kazi baada ya kutoka, waende pamoja kliniki ya Temeke, daktari ampime na wazungumze kama anahitaji dawa ya kumlinda, na wapime pia virusi vya Ukimwi, homa ya ini na kifua kikuu. Kabla ya hapo amwambie mwanawe kwa maneno yaliyonyooka, bila vitisho: "Mwili wako sasa ni wa mtu asiyetumia. Kipimo chako cha zamani kitakuua. Ukiteleza, usiwe peke yako, na unipigie simu, sitakufukuza." Mama wengi wanaogopa maneno hayo yatakuwa ruhusa. Sijaona kijana aliyerudia unga kwa sababu mama yake alimwambia hivyo, ila nimeona waliokufa kwa sababu walijificha. Kwa wiki kadhaa za mwanzo alale chumba kilicho karibu na cha mtu mzima, asishike fedha nyingi mkononi, na wafundishwe watu wawili wa nyumba hiyo kupuliza pumzi. Vijana wenu wa ombi la pili wanaweza kuwafundisha kesho, bila kusubiri kikao. Na leo jioni mama amtafute fundi aondoe komeo la ndani kwenye mlango wa chumba chake na wa choo.